Sahihi ya Mzazi

Barua ile niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, na nilipofika mstari wa mwisho nikaitupa sakafuni. Watoto wakashtuka. Mimi Kipsang arap Sigilai, mwalimu mkuu, mume wa mtu, mwenye watoto watatu na miaka thelathini na minne, naambiwa niende Nakuru kuhojiwa "pamoja na baba au mlezi atakayetia sahihi." Ati niende na baba! Kama mtoto anayepelekwa kununuliwa kaptura!

Halafu nikainama, nikaiokota, nikaipangusa vumbi. Nilikuwa nimeingojea barua hiyo miaka kumi na mmoja.

Nieleze vizuri. Mwaka wa arobaini na nne chuo kikuu cha Kampala kilichukua watu wanne tu kutoka upande wetu wote, na mmoja alikuwa mimi. Mwaka wa pili nikafutwa. Tangu hapo kila mwaka niliandika kuomba kurudi, na kila mwaka nilijibiwa kwa maneno mazuri kwamba haiwezekani. Sasa, mwaka huu wa hamsini na sita, wakasema wanataka walimu wawili wenye uzoefu warudi kumaliza masomo, mradi umri wao usifike thelathini na mitano. Piga hesabu mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi mara moja tu, na mwaka ujao ningekuwa mzee wa kupita nje.

Hasira yangu basi haikuwa na maana. Kilichonitisha ni hilo neno "baba."

Kwetu, mwanamke mwenye ng'ombe aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kuoa. Naam, kuoa. Anatoa mahari, analeta msichana nyumbani, na watoto wa msichana huyo ni watoto wake. Yeye ndiye baba yao. Hivyo ndivyo Tapkigen alivyomwoa mama yangu Chelagat kwa ng'ombe saba, mchana kweupe, watu wakicheza ngoma. Nikazaliwa, nikaitwa mwana wa Sigilai, yaani wa yule marehemu mume wa Tapkigen. Nani alimpa mama mimba ni swali ambalo kwetu mtu mwenye adabu haulizi. Tapkigen ndiye aliyenilea kama baba, ndiye aliyesimama kama baba siku nilipotahiriwa, ndiye aliyeuza fahali ili niende shule.

Misheni ilikuwa na jina lake kwa mambo hayo: dhambi. Kwa hiyo siku nilipojaza fomu ya kwenda Kampala, na Reverendi Hadley amesimama nyuma ya bega langu akinipumulia shingoni, nilipofika mahali pa jina la baba niliandika "Sigilai," na mbele yake nikaandika "marehemu." Si alikuwa amekufa kweli? Nilijiambia hivyo. Lakini moyoni nilijua kabisa nimemzika nani. Tangu siku hiyo, mbele ya watu wa kanisa nilimwita Tapkigen Kogo, kama mtu anavyomwita nyanya yake.

Mwaka wa arobaini na tano ikaja simu ya maandishi chuoni: BABA AMEVUNJIKA NYONGA NJOO. Nikaipeleka kwa mkuu wa bweni kuomba ruhusa. Akafungua faili langu, akasoma, akaniangalia juu ya miwani. "Baba yako alikufa kabla hujafika hapa," akasema. "Amevunjikaje?" Ningemweleza. Mdomo ulikuwa wangu, Kiingereza nilikuwa nacho. Lakini nilikuwa kijana, nikaona haya, nikanyamaza kama gogo. Jioni ile ile nikapanda gari la moshi bila ruhusa. Tapkigen alilala miezi saba, mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Niliporudi chuoni kitanda changu kilikuwa na mtu mwingine, na kwenye faili nilikuwa mwongo na mtoro.

Reverendi Hadley alinipokea. Aliamini nilikwenda kumuuguza mzee wa ukoo, hakuuliza yupi. Akanipa kazi ya ualimu na nyumba ya mawe ya misheni, na sasa alikuwa ameniandikia barua ya kunipendekeza, ukurasa mzima, na yeye mwenyewe angekaa kwenye kamati ya mahojiano. Mtu mwema, sikatai. Lakini miaka miwili iliyopita mtu huyo huyo alimtoa Mwalimu Nicodemus kwenye nyumba yake, na kitanda chake, na kuku wake, kwa sababu shangazi yake Nicodemus alioa mke na Nicodemus akaenda kula kwenye harusi. Kula tu! Sembuse mimi niliyezaliwa humo. Ukweli ukitoka, nafasi ya chuo, kazi na nyumba vingeondoka siku moja.

"Si umwambie Tapkigen aende nawe?" mke wangu Sally akaniuliza. Alikuwa akipiga pasi shati langu.

"Halafu tulale wapi, Sally? Chini ya mti?"

"Basi Mungu akusaidie kudanganya," akasema, na akaendelea kuikandamiza ile pasi kana kwamba shati limemtukana.

Mpango wangu ulikuwa Micah. Micah alikuwa mzee wa ukoo wa Sigilai, binamu yake wa karibu, na alikuwa amebatizwa. Angesema yeye ni mdogo wake Sigilai, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyevunjika nyonga. Kila Mzungu aliyekaa nchi hii mwaka mmoja anajua kwamba kwetu ndugu wa baba ni baba pia. Uongo mzuri, safi, usio na mshono. Nilimfundisha siku tatu mfululizo.

"Nani alivunjika nyonga?"

"Mimi."

"Mwaka gani?"

"Wa arobaini na tano."

"Nyonga gani?"

"Ya kushoto."

"Chechemea basi, Mzee."

Micah akachechemea uwanjani kwangu kama bata aliyekanyagwa. Nikamwambia apunguze.

Alhamisi ile tulifika Nakuru mapema. Upepo ulikuwa ukipeperusha magadi kutoka ziwani, ziwa lenyewe limekauka, na watu wote mjini walionekana kama wametoka kwenye gunia la unga. Nje ya ofisi ya elimu kulikuwa na benchi refu, na juu yake vijana wanane waliovaa kaptura zilizopigwa pasi hadi zikasimama zenyewe, kila mmoja na baba yake. Askari wawili walikuwa wakimkagua mmoja wao, Nderitu, kijana wa Kikuyu, kitabu chake cha pasi, kile kibali cha kusafiri cha siku za hali ya hatari, kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Baba yake alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Kijana mmoja akanipisha kwa heshima. "Keti, Mzee. Mtoto wako ni yupi?"

"Mtoto ni mimi," nikasema kwa ukali. Akacheka akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nilikuwa nikimnong'oneza Micah mara ya mwisho, arobaini na tano, ya kushoto, nilipoona lori la maziwa la kutoka Rongai limesimama barabarani, na mtu anashushwa taratibu, akishikwa mkono na dereva. Mguu wa kushoto uligusa chini mwisho. Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Huyo ni Tapkigen, amevaa koti la Sigilai, anakuja moja kwa moja akiburuta nyonga yake.

Sally! Sally ametuma habari! Haki ya Mungu siku ile ningemkamata mke wangu tungekosana vibaya.

Nikamwendea haraka kabla hajafika kwenye benchi. "Kogo, umekuja kufanya nini?"

"Nimesikia wanataka baba," akasema.

"Mambo yameshapangwa. Micah yupo. Nakuomba, rudi na lori."

Akamwangalia Micah aliyekuwa akitazama viatu vyake. Akaniangalia mimi. "Nyonga inauma," akasema, "nitapumzika kidogo." Akaenda akaketi kwenye sakafu ya baraza, kando ya mlango wa ofisi, mgongo ukutani. Na kwa sababu ya joto, mlango ule ulikuwa umeachwa wazi.

Karani akatoka. Alikuwa Kiplangat, mtu wa kwetu, tie shingoni na kalamu sikioni. Akaita jina langu. Akamwona Tapkigen pale chini, akamsalimu kwa heshima ya kwetu, kisha akanitupia jicho. Nikapita kama sijamwona.

Ndani walikuwa wawili mezani. Reverendi Hadley akanitikisia kichwa kwa upole. Mwenyekiti alikuwa Bwana Thornbury, mrefu, mkavu, mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili. Kiplangat alikaa pembeni na wino na kidau cha kutilia kidole. Micah akaingia akichechemea vizuri kabisa, akapewa kiti.

Maswali ya kwanza niliyajibu kwa Kiingereza bila kutetemeka. Nitaketi vipi darasani na vijana wa miaka kumi na tisa? Nikasema nimeketi na watoto wa miaka kumi kwa miaka kumi na mmoja, hao wa kumi na tisa watakuwa afueni. Thornbury karibu acheke. Nataka nini huko? Nikamwambia ukweli wote: nimefundisha hesabu hadi nikafika ukingo wa ninachojua, na kila mwaka kuna mtoto mmoja au wawili wananiuliza kitu cha ng'ambo ya ukingo huo, na mimi nawaambia waketi chini wanyamaze. Nikasema naona aibu. Hiyo ilikuwa kweli, na nadhani aliiona, kwa sababu aliandika muda mrefu.

Kisha akafungua faili la zamani.

"Hapa umesema baba ni marehemu. Mwaka mmoja baadaye unaomba ruhusa kwa sababu baba anaumwa. Nieleze."

Nikaeleza. Ndugu wa baba, mila zetu, mzee huyu hapa. Maneno yalitoka yamepangwa kama askari gwarideni. Reverendi akaongeza kwamba hiyo ni desturi inayojulikana. Thornbury akamgeukia Micah, akamwuliza kwa Kiswahili nyonga ipi, mwaka gani. Micah akajibu barabara, hata akajipapasa. Lo, nikaanza kupumua! Thornbury akavuta fomu karibu, akachovya kalamu. Nilikuwa nikiitazama ile ncha ikishuka kwenye karatasi.

"Pole kwa ndugu yako, Mzee," akasema huku akiinama kuandika, kwa adabu tu, kama mtu anavyosema kufunga mazungumzo. "Alikufa lini?"

"Aa, zamani sana, bwana," Micah akasema, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli, maana alimpenda binamu yake. "Vita vile vya kwanza vya Mjerumani. Walimchukua jeshi la Kariakoo, kubeba mizigo. Hakurudi. Mwaka wa kumi na sita."

Kalamu ikasimama.

Mimi sikumfundisha Micah swali hilo. Na Micah, maskini, hakuona kosa lolote. Kwetu mtu akifa na nyumba yake ikabaki, watoto wa nyumba hiyo ni wake, wakizaliwa baada ya mwaka au baada ya miaka ishirini.

"Huyu amezaliwa mwaka wa ishirini na mbili," Thornbury akasema polepole.

"Ndiyo, bwana."

"Miaka sita baadaye."

"Ndiyo, bwana. Mtoto mzuri sana."

Kiplangat akainamisha kichwa juu ya kidau chake cha wino. Reverendi Hadley akawa mwekundu hadi masikioni. "Labda mzee amekosea mwaka," akasema haraka.

"Sijakosea," Micah akasema, sasa ameudhika. "Mimi mwenyewe nilikuwa jandoni mwaka ule. Muulizeni mtu mwingine yeyote."

Nilisikia kengele ya baiskeli barabarani. Thornbury akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiingereza, bila dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Kwa hiyo mama yako alikuzaa nje ya ndoa. Ndicho ulichokuwa unaficha?"

Na Reverendi, mtu mwema yule, akaniinamia mezani. "Hiyo si dhambi yako, Kipsang," akasema. "Hakuna atakayekulaumu. Sema tu ndiyo, tuendelee."

Neno moja. Walikuwa wamenifungulia mlango wenyewe. Ndiyo, na Thornbury angeandika, Micah angetia kidole, na Jumatatu ningekuwa kwenye gari la moshi. Sally na watoto wangebaki kwenye nyumba yao. Mama yangu hajui Kiingereza wala hatafika ofisi hii maisha yake yote. Nani angemwambia? Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilifungua mdomo kulisema.

Nikamwona mama akiletwa nyumbani na ng'ombe saba wakihesabiwa. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara mia, na kila akisimulia anavunjika kwa kicheko anapofika kwa yule ng'ombe wa saba aliyekataa kuvuka mto. Malaya hawahesabiwi ng'ombe. Damu ikanipanda kichwani hata nikaona mezani kunacheza.

"Hapana!" nikasema kwa Kiswahili, na kwa sauti ya darasani, maana Kiplangat aliruka. "Mama yangu aliolewa. Kwa mahari, mbele ya watu."

"Na nani?" Thornbury akauliza. "Mume alikuwa amekufa miaka sita."

Nikanyoosha mkono mlangoni. "Na huyo aliyeketi pale nje. Huyo ndiye baba yangu. Ndiye aliyevunjika nyonga. Huyu mzee niliyemleta sikulelewa naye, nimemfundisha kuchechemea."

Micah akashusha pumzi, akanyoosha mguu wake wa kushoto kwa raha.

Nilidhani watapiga kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Reverendi Hadley alinyoosha mkono, akaitoa barua yake kwenye faili, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimwonea huruma na nikamchukia wakati mmoja.

Thornbury alikuwa amemkazia macho Tapkigen kupitia mlango wazi. "Nilifanya kazi kule kwenu miaka minne," akasema mwishowe. "Nilisikia habari za ndoa hizi. Sikuwahi kukutana na baba mwenyewe." Akapekua karatasi. "Barua ya misheni haipo tena. Ripoti ya mkaguzi ipo, alama zako zipo. Zinanitosha kukupa nafasi. Uongo wako nitauandika, wausome watu wa Kampala wenyewe. Lakini bila mzazi kutia sahihi leo, faili haliendi, na mfuko wa barua wa Kampala unaondoka saa sita. Mwite."

Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Tapkigen akaingia. Hakuketi. Kiplangat akamletea kidau cha wino na fomu, akamwonyesha mahali. Akaiangalia ile karatasi kama mtu anayeangalia ng'ombe asiyemjua.

"Hii ni mpya," akasema kwa Kiswahili. "Iko nyingine ya zamani, ile aliyoandika alipokwenda mara ya kwanza. Mahali pa baba aliandika nini?"

Kiplangat akanitazama. Akamtazama mwenyekiti, naye akamwashiria asome. "Sigilai," akasoma kwa sauti ndogo. "Marehemu."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Tapkigen akaurudisha mkono wake ndani ya koti. "Basi maiti hatii kidole," akasema.

"Kogo, tafadhali," nikamwambia kwa lugha yetu, "saa inakwenda."

"Naiona."

"Anataka nini?" Thornbury akauliza, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Afute," Tapkigen akamjibu yeye, si mimi. "Mkono ulioandika ndio ufute."

Thornbury akaliweka faili la zamani mbele yangu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi, na mwandiko wangu wa ujana ulikuwa mzuri, wa kujivunia. Nikashika kalamu. Hapo Reverendi Hadley akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Kipsang. Uliyoyasema kwa mdomo naweza kuwaambia wazee wa kanisa kwamba ulikasirika. Ukiandika, sina la kuwaambia. Nyumba itatakiwa iwe wazi Jumamosi."

Jumamosi. Hiyo ilikuwa kesho kutwa. Nikamwona Sally amesimama uani na watoto watatu na mitungi. Nikamwona Nicodemus na kuku wake. Ningeweza kuiweka ile kalamu chini, nirudi nyumbani, niombe msamaha kanisani Jumapili, na kuwa mwalimu mkuu mpaka niote mvi. Chuo tu ndicho kingeondoka. Watu wengi wazuri hawakwenda chuo.

Tapkigen hakunihimiza. Alisimama tu, uzito wote kwenye mguu wa kulia, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa maumivu. Kumbe alikuwa amesimama muda wote huo ili asiketi mbele ya watu kama mgonjwa.

Nikakata lile neno "marehemu" kwa mstari mmoja, nikalikata tena hadi karatasi ikachanika kidogo. Juu yake nikaandika: "Tapkigen. Ndiye baba. Yu hai." Nikatia sahihi yangu kando. Mwandiko ulikuwa mbaya, ningempa mtoto sifuri.

"Soma," akamwambia Kiplangat.

Kiplangat akasoma. Tapkigen akatoa mkono, akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye fomu mpya, akakizungusha kidogo kwa uangalifu ili kitoke vizuri. Thornbury akatia sahihi yake chini, akapiga muhuri. Saa ilikuwa imebakiza dakika nne.

Reverendi alitoka kabla yetu. Hakuniaga.

Nje tulimkuta Micah chini ya dirisha, anakula ndizi. "Lakini Kipsang," akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, "mimi nilikosea wapi?" Nikamwambia akamtafute dereva wa lori.

Tukabaki wawili barazani. Vijana wa kaptura walikuwa wanatuangalia, sikujali. Nafasi nimepata, kazi nimepoteza, nyumba nimepoteza, na hasira ilinirudia, nikamgeukia.

"Kama nisingefuta?" nikamwuliza. "Kama ningesema ndiyo pale mwanzo, kwamba mama alinizaa ovyo? Ulikuwa unasikia. Ungeingia kunivuruga?"

"Hapana," akasema. "Ungesema hivyo, na wangekuja kuniuliza, ningewaambia mimi ni nyanya tu nimeleta maziwa. Niliamua hivyo nikiwa kwenye lori."

"Halafu ukakataa kidole mbele yao?"

"Wewe ndiye uliyesema mbele yao mimi ni baba. Baada ya hapo nifanye nini, niwe baba nusu?" Akajisogeza ukutani apumzishe nyonga. "Lakini ungesema ndiyo, ningekuacha uende. Nimekupeleka shule tangu ukiwa mdogo hivi, nije leo kukuzuia?"

"Na mama? Ungemwambia nini?"

Alikuwa akisugua kidole chenye wino kwenye koti la Sigilai.

"Ningemwambia lori lilichelewa," akasema. "Kwamba nilifika nikakuta umeshaondoka, sikusikia lolote."

Sikuweza kuvumilia tena. Nililia pale pale, mwanamume mzima, mbele ya makarani na askari na baba za watu, nikafuta kamasi kwa mkono wa shati alilolipiga pasi Sally.

"Acha hayo, watu watasema chuo kimechukua mtoto mchanga," akasema, akanikamata bega, akaegemea. "Nishike vizuri. Twende tukamsaidie mke wako kufunga vyombo."